Kugusa Bega Mara Mbili

Mwanamke aliyejiita Atieno alinipigia simu nikiwa chini ya gari ya mtu, grisi mpaka kwenye viwiko. Alisema ameulizia fundi wa breki na kila mtu anamtajia mimi, Mwikali wa Kawangware. Gari imekaa miaka minne chini ya gorofa za Soweto East, Kibera, mnunuzi amepatikana, lakini magurudumu ya nyuma yamekataa kuzunguka. Nikamwambia hiyo ni kawaida, dramu zimeshikana na kutu, Jumapili nitakuja. "Ni ya marehemu baba," akasema. "Yeye mwenyewe alikuwa fundi huko kwenu zamani. Ouma. Tumemzika wiki mbili zilizopita." Nikamjibu "pole sana", jinsi mtu humjibu mtu asiyemjua, nikakata simu, nikabaki nimelala pale chini natazama tumbo la gari. Kijana wangu wa kazi akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia anyamaze afanye kazi yake. Nilikuwa nimesikia mwaka juzi kwamba mzee amerudi Nairobi, yuko kwa bintiye. Mara mbili nilipita barabara ile ile, nikaangalia zile gorofa, nikaongeza mwendo. Mimi si mtu wa kuogopa watu, muulize yeyote. Huyo mmoja nilimwogopa.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa mpweke kiasi kwamba nikikumbuka naona aibu, kana kwamba upweke ni uvivu. Nilipanga chumba Mashimoni, Kibera, futi kumi kwa kumi, kitanda, jiko la mafuta, ndoo mbili za maji na kalenda ya mwaka uliopita niliyoiacha ukutani kwa sababu ya picha ya maua. Ukuta wa mkono wa kulia ulikuwa mabati matupu. Upande wa pili waliishi Mama Akoth na mumewe, na kila kitu chao kilinifikia: mafuta yakichemka, samaki akigeuzwa, mume akivua viatu na kuvitupa chini, kimoja, halafu cha pili. Nilianza kupanga chakula changu kiende pamoja na chao. Niliposikia Mama Akoth akisema "haya, mikono," mimi pia nilinawa. Alipomwambia mumewe "ongeza mboga, utakula ugali mtupu kama mfungwa?" nami nilijiongezea sukuma wiki. Mume akichekesha, nilicheka polepole nisisikike. Nilikula na watu hao karibu mwaka mzima, na nikikutana na Mama Akoth kwenye kioski cha maji tulisalimiana tu, "sasa", "poa", tukafuata foleni. Hakujua kwamba alikuwa akinipakulia.

Asubuhi niliwasha jiko, nikapika chai ya maziwa, nikajaza chupa mbili kubwa, nikatembea na mandazi yangu mpaka Kawangware, nikivuka Ngong Road wakati wenye magari hawajakasirika. Wauzaji wa chai walikuwa wamejaa Kibera, kila kona ina mwenyewe. Ila kule Kawangware kulikuwa na uwanja wa mafundi kando ya barabara ya vumbi ambao muuza chai wao alikuwa amerudi kwao kuzaa. Nikaingia. Mafundi walikuwa kama kumi, wengi vijana wa mdomo mwingi. Mzee mmoja tu alikaa mwisho kabisa, karibu na mtaro, na kazi yake ilikuwa breki. Huyo ndiye Ouma. Hakuwa mzee sana, sasa ndiyo najua, labda alikuwa na umri nilio nao mimi leo. Vijana walimwambia "niaje, buda" akiwapita, naye hakujibu. "Huyo ana madharau," wakaniambia siku ya kwanza. "Anajiona. Usimpelekee chai, atakuacha umesimama hapo." Mimi nikampelekea kwa sababu ya ukaidi. Nikasema "chai, mzee," akaendelea kupiga nyundo. Nikasema tena. Nikamwekea kikombe mbele ya macho, akashtuka, kisha akanitolea tabasamu zuri ambalo halikuwa la mtu mwenye madharau hata kidogo. Nikaondoka nimechanganyikiwa.

Dramu ya breki ni kama sufuria ya chuma iliyofunikwa ndani ya gurudumu la nyuma. Ndani yake kuna brek-shuu mbili, vipande vya chuma vilivyopinda, zinazotanuka kuibana ukikanyaga. Gari kuukuu ikilala kwenye mvua, dramu hushikana na kitovu cha gurudumu, na hapo ndipo wengi huharibu kazi, maana wanaipiga ukingoni kwa hasira na chuma kile hukatika kama biskuti. Mzee Ouma alikuwa na utaratibu. Mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Hendbreki ifunguliwe, halafu ahakikishe kwa macho kwamba imefunguliwa. Dizeli kidogo katikati, chai kidogo mdomoni, asubiri. Kisha nyundo, uso wa dramu, katikati ya bolti na bolti, akizunguka bila haraka. Kiganja cha mkono wa kushoto alikilaza juu ya dramu wakati wote, kama anayepima homa ya mtoto. Siku moja nilikuwa nimesimama nangoja kikombe changu. Alipiga, sauti ikawa nduu, nduu, nduu, imeziba. Halafu ikabadilika, ikaita ng'aa. Mimi nilikulia kwenye vibuyu, na hakuna Mkamba asiyejua kibuyu kilichojaa na kilicho tupu ukikigonga. Nikasema, "Hiyo imeachia." Yeye akaendelea kupiga. Nikamgusa bega mara mbili, nikamwonyesha. Akaivuta dramu kwa vidole, ikatoka. Akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini sana, "Umejuaje?" Nikamwambia nimesikia. Kesho yake akaniuliza kama nikimaliza kuuza chai ningependa kushikashika spana.

Nilidhani amependa akili yangu, na nikavimba kichwa. Ilinichukua karibu miezi mitatu kujua alichopenda. Siku moja injini ya lori ililipuka moshi nyuma yetu kwa mlio wa kutisha, watu wote wakaruka, na Mzee Ouma akaendelea kupaka grisi, ametulia tuli. Hapo ndipo kila kitu kilipojipanga kichwani mwangu: salamu asizojibu, jinsi alivyotazama midomo ya wateja, jinsi alivyotikisa kichwa na kusema "iko sawa kabisa" kwa kila swali, kile kiganja juu ya dramu. Mzee hakuwa na madharau. Mzee alikuwa hasikii. Jioni, tukikusanya vyombo, nikasimama mbele yake nikasema polepole, "Mzee, mimi najua." Uso wake ulikauka. Akasema, "Fundi wa breki asiyesikia ni nani atampa gari yake?" Nikamwambia hakuna atakayejua kwangu. Sikuahidi kwa Mungu wala nini, nilisema tu. Akafungua kopo lake la chakula, akanigawia nusu ya omena, dagaa wa kwao ziwani, tukala tumesimama.

Tangu siku hiyo tulikuwa na lugha yetu. Dramu ikiachia, naligusa bega lake mara mbili. Gari ikiwa na kelele mbaya kwenye majaribio, nagusa bega mara mbili, kisha namwonyesha upande kwa kidole kando ya paja, mteja asione. Mtu akimwita kutoka nyuma, mara mbili. Naye alinilipa kwa kunifundisha vyote, hata vile mafundi huficha. Alinifundisha kwamba dramu ikikataa nyundo, kuna matundu mawili madogo yenye hesi, ile mistari ya kushika bolti. Unatia bolti mbili, unakaza moja nusu mzunguko, halafu ya pili nusu mzunguko, zamu kwa zamu, usipendelee moja, na dramu inasukumwa nje yenyewe. Alikuwa na bolti zake mbili alizozichonga ncha kwa tupa, akizifunga kwenye kitambaa cha bluu. Ikikataa tena, nyuma kuna kitundu: unaingiza bisibisi bapa, unarudisha meno ya kurekebishia mpaka brek-shuu zijikunje. Na ukimaliza, paka grisi kidogo kwenye kitovu kabla ya kurudisha. "Atakayekuja baada yako asikulaani," alisema. Jumamosi nilimletea muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharage, alikula akifumba macho, akasema chakula cha Wakamba kinahitaji meno ya ng'ombe, kisha akaomba kingine. Alikuwa mtani sana akiwa na mtu anayemtazama. Mke wake na watoto walikuwa nyumbani ziwani, alikaa peke yake Kawangware kwenye chumba ambacho, alivyoniambia, hata mvua ikinyesha juu ya mabati kilikuwa kimya. Mimi nilikuwa na ukuta uliosema sana na hakuna aliyesema nami. Yeye hata ukuta hakuwa nao.

Siku iliyoharibu mambo ilianza na jambo la kipuuzi. Dereva wa teksi mmoja aliyeitwa Njoro, mtu mwema wa kupenda hadithi, alileta gari yake kuukuu nyeupe, dramu ya nyuma kushoto imeshikana. Mzee akapiga, ikaita, nikamgusa bega kama kawaida. Vijana walikuwa wamekuja kutazama. Mmoja akapiga kelele, "Mzee anachapwa na bibi! Mara mbili mbili!" Wakaangua kicheko. Mzee hakusikia maneno, lakini aliona meno yao, akaona na mkono wangu begani mwake, na nadhani akafikiri siri imetoka. Akageuka, uso umekunjamana kwa hasira, akaniambia mbele ya wote, kwa ile sauti asiyoweza kuipima, sauti ya mtaa mzima: "Toa mkono! Nani amekuambia unishike? Kazi yako ni chai. Rudi kwa chai yako!" Vijana wakafurahi kama wamepewa harusi. Mimi nilijisikia nimevuliwa nguo. Nilikuwa nimejenga mwaka mzima juu ya bega lile. Nikajiambia, sawa, mzee. Mimi ni wa chai. Hutaniona nikikugusa tena.

Mzee alimaliza kufunga, tukaenda kuijaribu gari. Njoro anaendesha, mzee kiti cha mbele, mimi nyuma kwa sababu ndiyo ilikuwa desturi na hakuna aliyeniambia nishuke. Hatujafika mbali nikaisikia. Kwaru, kwaru, kwaru, kila gurudumu likizunguka, chuma kwa chuma, upande wa kushoto. Springi moja ndogo inayoshika brek-shuu ilikuwa haijakaa mahali pake. Nilijua ni springi, kwa sababu yeye mwenyewe alinifundisha sauti yake, akiiiga kwa mdomo jinsi alivyoikumbuka tangu alipokuwa akisikia. Njoro akauliza, macho yakiwa barabarani, "Mzee, hiyo inayokwaruza ni nini?" Mzee aliona mdomo ukicheza, akatikisa kichwa. "Iko sawa kabisa." Bega lake lilikuwa mbele yangu, karibu hivi, na shati lake la kijivu lenye doa la dizeli. Nilikunja mikono kifuani. Nakumbuka nilivyoibana mpaka vidole vikauma, na nakumbuka nikisema moyoni: apate aibu kidogo, ajue thamani yangu. Kidogo tu. Nilifikiri Njoro atarudi kesho akilalamika, mzee atanitafuta, ataniomba msamaha kwa sauti yake ya chini. Hilo ndilo nililotaka. Sikutaka kingine, lakini nani ataniamini.

Jioni hiyo hiyo springi ilichomoka kwenye mteremko wa kuelekea mtoni. Gurudumu likakaza ghafla, gari ikageuka, ikaingia kwenye kibanda cha viazi. Mama wa viazi alikuwa ameenda kukopa chumvi kwa jirani, Mungu ni mkubwa. Njoro alivunjika mkono. Kesho yake alikuja uwanjani mkono umefungwa shingoni, na nyuma yake watu, jinsi watu huja. Hakuwa ametukana, alikuwa ameumia zaidi ya hapo. "Nilikuuliza, mzee. Nilikuuliza ukiwa kando yangu, ukaniambia iko sawa kabisa." Alikuwa akisema huku akigeuka kuwaonyesha watu mkono wake, kwa hiyo mzee hakupata kuona mdomo vizuri. Akanitazama mimi. Alingoja. Njoro naye akanigeukia, "Na wewe, dada, si ulikuwa nyuma? Wewe hukusikia?"

Hapo nilikuwa na maneno mawili ya kweli ya kuchagua. Nikasema lile moja. "Mimi ni wa chai tu. Na huyu mzee hasikii. Hasikii hata kidogo, mwaka mzima huu hasikii kitu." Nilisahau kugeuza uso. Alikuwa akinitazama mdomoni, kama nilivyomzoesha, na akasoma neno kwa neno. Mzee Ouma akamgeukia Njoro akasema, "Ni kweli. Kosa ni langu." Basi. Nami nikashusha pumzi, nikijiambia, asante Mungu, hajui kwamba nilisikia.

Baada ya hapo ilikuwa kama kuona mtu akikatwa polepole. Wateja wakaanza kupita mahali pake wakitazama upande mwingine. Vijana walisimama nyuma yake wakipiga makofi kumjaribu, halafu wanacheka, na mimi nilikuwepo namimina chai. Hakunifukuza. Hakuninunia hata. Asubuhi alipokea kikombe, akatikisa kichwa, akaangalia barabara. Hazikupita wiki nne akafunga sanduku lake. Pale kwenye gogo alipokuwa akikaa aliacha kile kitambaa cha bluu na bolti zake mbili ndani, na nilijua ni zangu kwa sababu aliviweka kando ya chupa yangu ya chai. Akajitwika sanduku begani, akashika njia. Nilimfuata mpaka karibu hatua tatu nyuma yake. Nikasema "Mzee, samahani." Nikasema tena kwa sauti zaidi, "Samahani, mzee, nilisikia." Watu wawili wakageuka, yeye akaendelea kwenda. Nilijua hasikii. Niliomba msamaha mgongoni mwa kiziwi, na nilikuwa na mkono, na bega lilikuwa pale. Kugusa mara mbili tu angegeuka. Usiku huo Mama Akoth alisema "haya, mikono," na sikunawa.

Jumapili nilifika Soweto East saa nne asubuhi, nguo zikiwa zimeanikwa kila kibaraza na kwaya ya kanisa fulani ikijaribu spika. Gari ilikuwa ya mzee kweli, ndogo, ya zamani, imesafishwa mpaka ndani. Atieno alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ana macho ya babake. Sikumwambia chochote. Nikaweka mawe, nikafungua hendbreki, nikaona ndiyo ugonjwa wenyewe: mtu aliivuta miaka minne iliyopita, mvua zikanyesha. Nikatia dizeli nikaanza na upande wa kulia. Nyundo, katikati ya bolti na bolti, kiganja cha kushoto juu ya dramu. Nimewafundisha vijana zaidi ya ishirini kuweka kiganja hivyo, nao wamewafundisha wengine, na wote wanadhani ni siri ya ufundi. Haikuita. Nikafungua kitambaa cha bluu, nikatia zile bolti, nusu mzunguko, nusu mzunguko. Ikatoka. Kwenye kitovu kulikuwa na grisi ya zamani, imekauka, imepakwa vizuri. Nikahamia kushoto, nikapiga, napiga, mara nikaguswa begani mara mbili.

Niliruka kama nimechomwa. Ni Atieno, ameshika kikombe cha chai. "Woi, pole mathe, nimekushtua. Ni mazoea ya nyumbani. Baba alikuwa hasikii, alitufundisha tukitaka kumwita tumguse hivyo." Nikamuuliza babake alilipata wapi hilo. Akacheka kidogo. "Alisema ni la msichana mmoja aliyefanya kazi naye. Alikuwa anamsifu, wacha! Eti angeweza kusikia springi imehama ndani ya dramu, hata akiwa amekaa kiti cha nyuma."

Springi. Kiti cha nyuma. Basi alijua. Alijua siku ile ile, pale uwanjani, kila mtu akimtazama. Angesema tu, "Huyu ndiye masikio yangu, muulizeni alisikia nini," na ningezikwa mimi badala yake. Yeye akasema kosa ni langu. Nikamuuliza Atieno kama babake alimwambia msichana huyo yuko wapi. "Nilimuuliza, hata nikataka kumtafuta, maana mwisho mwisho baba alikuwa hana mtu wa kuongea naye. Akasema yuko, ana gereji yake, ana kazi nyingi, asisumbuliwe."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia msichana huyo ni mimi, na kwamba siku ile nilisikia. Akauliza siku gani. Nikamweleza yote, nikimtazama usoni, maneno yakitoka wazi jinsi nilivyopaswa kumwambia babake. Nilipomaliza aliinama, akachukua kikombe ambacho sikukinywa, akapanda ngazi nacho. Sikumlaumu, na simlaumu leo.

Nikabaki na gari. Nikaokota nyundo, nikarudisha kiganja mahali pake. Nduu, nduu, nduu. Nilizunguka bila haraka, kama nilivyofundishwa, sijui mara ngapi. Halafu ikaita, ng'aa, safi kabisa, na mkono wangu wa kushoto ukatoka wenyewe kwenye dramu, ukanyooka pembeni kutafuta bega.